Kijito Kati ya Parokia Mbili

Upepo wa ziwa ulianza saa tisa na nusu mchana. Ulimpeperushia padri stola hadi usoni, ukamgeuzia kurasa za kitabu cha ibada, na kipaza sauti kikawa kinavuma tu kama pikipiki iliyo mbali. Kwa hiyo maneno ya ndoa ya binti wa kaka yangu yalisikiwa na watu watano: yeye, mumewe, padri, mdogo wa bwana harusi, na mimi niliyekuwa nyuma yao nimeishika shela kwa mikono miwili isije ikaruka Kongo.

Wageni kwenye viti vya plastiki waliona midomo ikicheza. Wakapiga vigelegele kwa kukisia.

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa pembeni waliacha kazi, nao wakapiga vigelegele. Mama mkwe alikuwa amevaa viatu vipya, wimbi likamfikia. Nikatia saini daftari la paroko likiwa juu ya kreti ya soda.

Niliandika jina langu kama shahidi. Hilo ndilo lililokuja kuninyima usingizi.

Kwa nini ziwani

Sisi ni Wakatoliki tangu kwa babu. Kijana ni wa Ujiji, Mwislamu, wa nyumba ya maulidi na madrasa. Kigoma dini hizi mbili zinakaa uani mmoja na kuazimana sufuria bila neno. Kuazimana watoto ndiko kugumu.

Mama yake alisema mapema kwamba ndoa ikifungwa kanisani yeye atakaa nje, garini. Hakusema kwa shari. Kaka yangu naye akasema binti yake hawezi kwenda kuolewa ofisini kwa mkuu wa wilaya kama mtu anayekata leseni ya biashara. Miezi miwili watu hawasalimiani vizuri. Mimi shangazi mtu ndiye niliyesema: basi twendeni ziwani, maji hayana dini.

Nilijiona nina akili sana siku ile.

Paroko wa binti, ajabu, hakukataa. Alieleza kwamba Mkatoliki akitaka kuoana na mtu asiyebatizwa kuna kizuizi, na kizuizi hicho askofu anaweza kukiondoa. Akishakiondoa, Kanuni ya 1118 ya Sheria za Kanisa inaruhusu ndoa hiyo ifungwe kanisani au mahali pengine panapofaa. Kama wote wawili wangekuwa Wakatoliki, au kijana angekuwa Mlutheri, hesabu ingebadilika: hapo mahali pake ni kanisa la parokia, paroko anaweza kuwaruhusu waende kanisa lingine au kikanisa, lakini bustanini, hotelini au ufukweni ruhusa ni ya askofu au makamu wake. Wengi wanaogombana na maparoko wao kuhusu harusi za bustanini wanagombana na mtu ambaye hata akitaka hana uwezo.

Binti akatoa ahadi zake: atailinda imani yake na atafanya yote yaliyo katika uwezo wake watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Kijana hakusaini ahadi yoyote. Alielezwa tu kwamba mwenzake ameahidi hivyo. Naliandika hili kwa sababu Ujiji nzima ilikuwa na habari kwamba kijana amesainishwa karatasi ya kubatizwa.

Na paroko akaonya jambo moja: hakuna kurudia. Msifunge ziwani kisha jioni mkafungishwa tena ndoa kwa shehe, wala kinyume chake. Shehe alikuja, akasoma dua kwenye chakula, akala wali na mgebuka, akaondoka na baraka zake.

Serikalini hapakuwa na shida. Notisi ya siku 21 ilitolewa kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka, mfungishaji ana leseni, cheti kikatoka.

Wa kufungisha alikuwa padri rafiki wa familia anayefanya utume Tabora. Alikuja kwa treni. Paroko wa binti alimwandikia barua, kwa jina lake, kumpa mamlaka ya kufungisha ndoa hiyo. Barua niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa na muhuri.

Swali la jumuiya

Wiki ya tatu baada ya harusi, jumuiya ilisali rozari kwangu. Tumemaliza, chai inamiminwa, mama mmoja akanigeukia na ule upole wa mtu anayejua anachokifanya.

"Dada, ile ya ziwani ilikuwa ndoa, au mlikwenda kupiga picha?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia Yesu mwenyewe aliita wanafunzi wake ufukweni. Watu wakacheka, yeye akanywa chai yake, mambo yakaisha.

Kwangu hayakuisha. Usiku nikawa najiuliza swali lile lile kwa sauti ya yule mama. Nilitia saini kwamba nimeshuhudia ndoa. Je, nilishuhudia?

Niseme na hili, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini lilinichoma. Mimi mwenyewe nilifunga ndoa kanisani, mbele ya madhabahu, kwaya mbili, maua hadi mlangoni. Mwaka wa saba mwenzangu aliondoka na begi moja, hajarudi hadi leo. Matofali hayakumzuia. Kwa hiyo nilipopendekeza ziwa, sikuwa natafuta suluhu ya wakwe peke yake. Nadhani nilikuwa naligomea jengo.

Halali na halali

Nilikwenda kwa mzee mmoja, katekista mstaafu. Amefundisha ndoa watu wa rika tatu, na hadi leo tunamwita Mwalimu. Nilimkuta anamenya mihogo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kaa, binti yangu. Umekuja na uso wa kesi."

Nikamweleza. Akasikiliza hadi muhogo wa pili.

Akasema tatizo letu linaanzia kwenye lugha. Neno *halali* tumelibebesha mizigo miwili. Tunasema ndoa si halali tukimaanisha haipo, ni batili, watu wale hawajaoana. Tunasema pia si halali tukimaanisha ipo, imesimama, ila aliyeifungisha alivunja utaratibu. Kanisa linatenga hayo mawili mbalimbali, sisi tunayatia kikapu kimoja halafu tunatishana.

"Wewe una wakwe Ujiji," akasema. "Kuku kachinjwa vizuri, na mwenye haki ya kuchinja, kwa kusomewa. Lakini kisu kiliazimwa kwa jirani bila kuombwa. Huyo kuku analiwa au haliwi?"

"Analiwa. Ila jirani ana haki ya kununa."

"Basi mahali ni kisu."

Akaendelea. Ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili wenyewe, hakuna mwingine anayeweza kuridhia kwa niaba ya Kanisa wala ya wazazi. Kinachotakiwa ili isimame, wakiwa hawana kizuizi, ni ridhaa hiyo itolewe mbele ya mwenye mamlaka na mbele ya mashahidi wawili. Mwenye mamlaka aulize, asikie, apokee kwa jina la Kanisa. Paa halimo katika orodha hiyo. Wakifunga mahali pasiporuhusiwa padri atakuwa amekosa na atajibu kwa mkubwa wake, lakini wao wameoana.

Akanisimulia alivyofanya kazi vijiji vya mwambao wa kusini, ambako mtu akitaka padri anasubiri boti na padri akitaka kuja anasubiri ziwa litulie. Ibada chini ya mwembe. Ndoa chini ya mwembe. Na kuna Kanuni ya 1116: ikiwa wachumba hawawezi kumpata mwenye mamlaka bila taabu kubwa, na inaonekana wazi hali hiyo itadumu mwezi mzima, au mmoja wao yuko katika hatari ya kufa, wanaweza kuoana mbele ya mashahidi wawili tu, bila padri.

Bila padri! Nilimfanya arudie.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Njiani nilimtungia yule mama wa jumuiya hotuba ndefu, yenye kuku ndani yake.

Daftari

Sikupata kuitoa. Siku chache baadaye nilikutana na padri mwingine, paroko wa parokia jirani, kwenye msiba. Tukasalimiana. Akasema kwa utani amesikia tumefunga harusi kubwa kwake bila hata kumwalika wali.

"Kwako wapi, Padri? Tulifunga ufukweni."

"Ufukwe nao una parokia, Mama. Mlikuwa upande gani wa kijito?"

Kuna kijito pale kinaingia ziwani. Kiangazi unakivuka bila kuvua viatu. Tulikivuka na viti vya plastiki vichwani kwa sababu upande wa pili mchanga ni mzuri zaidi na kuna mti wa kivuli.

Nikamwambia upande wa mti.

Utani ukamtoka usoni. Akauliza nani alimpa mamlaka padri wa Tabora. Nikamtajia. Akauliza kama askofu aliandika lolote kuhusu padri huyo. Nikasema barua ya askofu ilihusu kizuizi na mahali. Akanyamaza, kisha akasema polepole kwamba daftari lake la ndoa halina kitu kuhusu harusi hiyo, na yeye hakuombwa chochote.

"Njoo ofisini kesho," akasema. "Usiwaambie watoto kwanza."

Watu waliokuwa wakilia pale wala hawakujua kwamba mimi machozi yangu yalikuwa ya jambo jingine.

Kijito

Aliyonieleza kesho yake ni haya, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa, mnaojua sheria mtanisamehe ufupi.

Mamlaka ya paroko kufungisha ndoa yana mipaka ya ardhi. Ndani ya mipaka ya parokia yake anaweza kufungisha hata ndoa ya wageni kutoka Mtwara, ilimradi mmoja ni Mkatoliki wa Kilatini kama sisi, si wa Makanisa ya Mashariki. Nje ya mipaka hiyo, hata kama bibi harusi ni muumini wake aliyembatiza kwa mkono wake, ni padri kama padri mwingine yeyote. Na huwezi kumgawia mtu usichonacho. Barua ya paroko wa binti ilikuwa na nguvu hadi kwenye kijito. Tulipokivuka na viti vyetu, iligeuka karatasi yenye muhuri.

Kumbe Mwalimu alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimepotea. Kwa kisu tusingepatwa na neno. Sisi tulikosea mchinjaji.

Nilikasirika, na hasira hiyo haijaisha yote. Padri yule alikuwa padri wa kweli. Ridhaa ilikuwa ya kweli, niliisikia, wageni mia mbili hawakuisikia lakini mimi niliisikia. Askofu alishakubali mahali. Ndoa nzima inazama kwenye maji yanayofika kifundoni? Na makosa ni ya nani? Mapadri wawili wenye elimu ya miaka mingi seminarini hawakuulizana swali moja. Lakini anayeitwa hajaolewa ni binti yangu, aliyefuata kila alichoambiwa.

Nilimwambia paroko yote hayo. Hakunikatiza. Akasema ipo kanuni nyingine inayosema Kanisa hujazia mamlaka pale watu kwa jumla wanapokosea kwa nia njema, na huenda mwanasheria angesimamia hapo. "Lakini hilo likibishaniwa linaamuliwa na mahakama ya Kanisa, si mimi na wewe hapa. Mimi sitaki ndoa ya binti isimame juu ya huenda."

Wanawake wa zamani

Wiki mbili nilisoma kila nilichopata kuhusu jambo hili. Nilikuwa natafuta silaha.

Nilikuta kwamba kwa karne nyingi Kanisa halikudai padri ili ndoa iwe ndoa. Wawili wakiridhiana jikoni, shambani, kitandani, wameoana mbele ya Mungu na Kanisa likakiri hivyo. Nikafurahi. Kisha nikasoma kilichofuata. Mwanamume anamwahidi huyu faraghani, miaka mitano baadaye anasimama hadharani na mwingine, yule wa kwanza anakuja analia, anaulizwa: shahidi wako nani? Hana. Mwanamume anakana. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulikata shauri tarehe 11 Novemba 1563: kuanzia sasa, paroko au padri aliyeruhusiwa naye, na mashahidi wawili au watatu, vinginevyo hakuna ndoa. Mwaka 1908 sheria iliyotolewa mwaka mmoja kabla yake ikaanza kuwabana Wakatoliki wa Kilatini karibu kila mahali, na Kanuni za mwaka 1983 zikaendelea na msingi huo.

Nilisoma hayo saa sita usiku, nikamkumbuka mwanamke mmoja wa mtaani kwetu. Sitasema zaidi. Alikaa na mtu miaka kumi na moja kwa ahadi ya "tutabariki mwakani". Mtu alipofariki, ndugu zake walikuja na lori.

Kwa hiyo sheria hii iliyoniudhi ilizaliwa ikiwatetea wanawake wasio na shahidi. Na mpaka una akili yake: lazima awepo mtu mmoja anayejulikana, mwenye daftari moja linalojulikana, ambaye ukimwuliza fulani na fulani wameoana hawezi kusema nilidhani wa kule ndiye anayejua. Wamisionari wa Kikatoliki walipofika Ujiji mwaka 1879 mpaka huo haukuwepo kwa sababu hata parokia hazikuwepo. Leo zipo, na kijito kimeshika kazi.

Bado naona ni kazi kubwa mno kwa kijito kidogo vile.

Mzizi

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza, watoto warudie ridhaa yao, kimya kimya, ofisini hata, mbele ya paroko mwenye eneo na mashahidi wawili. Dakika tano. Mapadri wote wawili walidhani ndiyo rahisi.

Mimi nilijua si rahisi. Uende Ujiji ukamwambie mama aliyekubali kwa shida ndoa ya ziwani kwamba haikushika, sasa mwanawe aje ofisi ya parokia kuoa mara ya pili, baada ya kuambiwa yeye na shehe wake kwamba mara ya pili ni mwiko? Angesema alijua tangu mwanzo. Na asingekosea kusema hivyo.

Dawa ya pili sikuwa nimewahi kuisikia. Askofu anaweza kuiponya ndoa kwenye mzizi wake. Ridhaa iliyotolewa siku ile haikufa, ilikosa njia tu, kama mbegu iliyoangukia mwambani. Askofu anaitengenezea njia kwa barua. Wawili hawarudii neno lolote. Kinachotakiwa ni kwamba bado wanatakana, wote wawili. Na kwa kuwa ni ndoa ya mseto, zile ahadi za mwanzo ziwe zimetimizwa, nazo zilikuwepo kwenye faili.

Inaweza kufanyika hata wenyewe bila kujua, sababu nzito ikiwepo. Paroko alinitazama aliposema hilo. Alikuwa ananiachia mlango.

Nililala nalo siku tatu. Ningeweza kunyamaza, barua ingekuja, ingetiwa failini, na binti yangu angezeeka bila kujua kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa hajaolewa. Shangazi wengi wangefanya hivyo, na sitawalaumu. Lakini niliyafikiria yale ya Trento. Tabu yote ile ilikuwa ni kwa sababu ya mambo yaliyofanywa pembeni, wahusika hawajui wamesimama wapi.

Nikawaambia. Binti alilia kidogo, kisha akaniuliza kama ni mimi niliyechagua upande wa mti.

Ndiyo, ni mimi.

Paroko alimwuliza mumewe peke yake kama bado anamtaka mkewe. Akajibu, "Padri, nimeshanunua kitanda cha mninga." Paroko aliandika ndiyo.

Tarehe mbili

Barua ya askofu ilikuja wiki ya sita. Safari hii nilikwenda Ujiji mwenyewe, na kilo mbili za sukari na galoni ya mawese, nikakaa mkekani na mama mkwe, nikamweleza yote kuanzia kijito. Sikumficha hata kuku wa Mwalimu. Aliposikia habari ya kuku alitikisa kichwa akasema yule mzee angefaa kuwa shehe.

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa.

"Sasa mkwe wangu, hawa watoto wameoana lini?"

Nikamwambia kwa Kanisa ndoa imesimama siku askofu aliyotia saini, lakini matokeo yake yanarudi nyuma hadi siku ile ya ufukweni. Kwa hiyo daftarini zipo tarehe mbili.

Akafikiri. Akanyoosha mguu, akanionyesha kiatu kilicho mlangoni, ngozi imejikunja kwa chumvi ya jasho na maji ya ziwa, hakivaliki tena.

"Mimi nitashika ile ya kwanza," akasema. "Ya pili sikuharibu kitu."